Vitunguu vya Hitima Yako

Zuhura, mdogo wangu,

Kosa wanalofanya watu wengi, na wenye digrii wakiwa mbele, ni kudhani kwamba ukitaka kujua maisha ya mwanamke unakwenda kumuuliza. Unabisha hodi, unakaribishwa sebuleni, unawekewa soda, unauliza. Naye, kwa adabu zake zote, anakujibu kama mtu anayejua kuwa shemeji yake yuko chumba cha pili na mlango uko wazi. Unaondoka umeridhika, kumbe umebeba majibu ya sebule.

Najua unanicheka. Hayo ni maneno yako. Nayarudia kwa sababu tangu uondoke hakuna anayeyasema.

Nimechoka, Zuhura. Nimekaa barazani kwangu Mbezi, magoti yananiuma tangu asubuhi, na sina mtu wa kumweleza mambo ya taasisi akayaelewa bila kuanzia mwanzo. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Ofisi yako amepewa kijana wa takwimu. Ni mpole, shikamoo haimpiti. Siku ya kwanza alikuta ile kanga yako nyuma ya mlango, uliyokuwa ukijifunga tukienda mitaani, akaja kuniuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya kazi. Ameiacha ilipo.

Wanafunzi bado wanaliita somo lako "somo la uani". Jina lake la kwenye ratiba ni refu na hakuna anayelikumbuka. Wageni wakiniuliza linahusu nini, nawaeleza kama ulivyonieleza mimi: kila muhula, wiki nzima, mwanafunzi anakwenda kwenye nyumba za watu Temeke au Kunduchi, na haruhusiwi kuuliza swali lolote mpaka apewe kazi. Amenye, apepete, aparue samaki. Mikono ikiwa na shughuli macho hayakutani, na mtu asiyetazamwa husema. Wavulana walikuwa wanalalamika, wewe unawajibu, "Kaka, kula unajua? Basi na kisu utakijua."

Unakumbuka Kunduchi, mara yetu ya kwanza? Ulinipa samaki aina ya changu na kisu, ukanitazama kidogo, ukasema mbele ya wakaanga samaki wote, "Dada, nyie watu wa bara mnaparua samaki kama mnamkanya." Walicheka mpaka mmoja akaweka beseni chini. Yule mama mwenyeji wetu, aliyetuambia mlangoni kwamba hana tatizo lolote na anamshukuru Mungu, hata samaki hawajaisha alikuwa ameshatueleza kwa nini alimpeleka binti yake kwa dada yake Tanga. Hukuinua uso. Hukumwambia pole, hukumuuliza mwaka gani. Ulisema tu, "Enhee." Mchana ule niliingia darasani na magamba kwenye miwani.

Sasa habari zenyewe.

Siku chache baada ya kukuzika, mkuu mpya wa idara alituita kikao. Alitaka wiki ya uani iondolewe. Badala yake wanafunzi wawapigie wanawake simu na kuwasomea dodoso. Majibu yanaingia kwenye kompyuta palepale. Walikwisha kujaribu na mtaa mmoja huko kwenu Mtoni, akasema, na mambo yalikwenda vizuri. Si mtu mbaya, Zuhura. Alieleza kwa subira, na mimi subira naijua nikiiona. Halafu akauliza: hata tukiliacha somo, nani atalifundisha? Wote wakanigeukia. Nikasema mimi ni mzee, mkataba wangu unaisha mwaka huu, sitaweza. Akasema basi, tutaamua baada ya arobaini. Nilirudi nyumbani nikalala mchana, usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Ikafika hitima yako. Wanaume mbele, chini ya turubai, wanasoma. Sisi uani na masufuria. Kaka yako Omari akashika kipaza sauti kuwashukuru watu, akasema marehemu hakuwa mtu wa kulalamika. Shangazi yako Bi Mwanahawa alikuwa anakoroga pilau, mwiko ukasimama.

"Nani? Zuhura? Huyu huyu wetu?" akasema. "Ama kweli wanaume msiba wanauonea mbele."

Mama yako akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akicheka tangu siku ile.

Mkuu wa idara alikuwepo, kaja na walimu wenzetu. Dua ilipokwisha akazunguka nyuma kuniaga, na hapo ndipo alipokosea njia. Shangazi alimwona tu.

"Nyie ndo wa chuo cha Zuhura? Karibu, baba. Kaa hapo. Watu wamezidi na kachumbari haijaanza."

Alinitazama nimwokoe. Nikasogeza kigoda changu kumpisha. Akakunja mikono ya shati lake jeupe, akapewa kisu na beseni la vitunguu, na haukupita muda machozi yakaanza kumtiririka.

"Lia, baba," Shangazi akamwambia. "Hapa ndo mahali pake."

Tukamenya. Mazungumzo yakamzunguka, yakamsahau. Jirani yenu, Mama Shani, akaanza kumhadithia Shangazi jinsi alivyopigiwa simu na watu wa chuo, binti ana adabu kweli, anauliza nani nyumbani anaamua kama mtoto wa kike aendelee na shule.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia tunashauriana."

"Mnashauriana! Wewe na Baba Shani! Lini?"

"Sasa ningesemaje, shoga yangu? Simu yenyewe yake, kaiweka spika, kaishika mkononi, ananitazama mdomoni!"

Uani pote pakalipuka. Bibi mmoja alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Kicheko kilipotulia Shangazi akauliza, taratibu, "Na Shani?"

"Shani yupo ndani. Kaachishwa. Analea wadogo zake."

Nilimtazama mkuu wa idara kwa pembeni. Alikuwa ameinama juu ya beseni, kisu kimesimama katikati ya kitunguu. Ile simu ya chuo ilikuwa ya dodoso lake. Ndilo lile jaribio lililokwenda vizuri. Nikaogopa atajieleza. Nikaogopa zaidi atauliza swali, Mama Shani ashtuke, arudi sebuleni mwake. Kisu kikaanza tena kukata. Kisha, bila kuinua uso, akasema, "Enhee."

Sijui alilitoa wapi, Zuhura. Labda vitunguu. Mama Shani hata hakugeuka kuona ni sauti ya nani. Akaendelea. Akasema mengine, ambayo sitayaandika hapa kwa sababu aliyasemea uani.

Nisikudanganye kwamba mambo yamenyooka. Somo limepewa muhula mmoja wa kujitetea. Basi la chuo hatuna. Dodoso la simu nalo linaendelea, ingawa wameongeza maelekezo kwamba mhojiwa awe peke yake, kana kwamba nyumba za Mtoni zina mahali pa kuwa peke yako. Kwenye kikao cha baada ya arobaini, mkuu aliuliza tena, nani atalifundisha? Nilitaka kutazama dirishani. Nikamfikiria yule mtoto ndani, tumecheka nje yeye anabembeleza mdogo wake. Nikanyoosha mkono, polepole, kama mtu anayeinua ndoo. Neema, yule mwanafunzi wako wa mwisho, siku hizi mwalimu msaidizi, akasema atanibebea kigoda. Nikamwambia abebe darasa. Kigoda nitakikalia mwenyewe.

Shani bado hajarudi shule. Nimekwenda kwa mama yake mara kadhaa, tumechambua mchele, sijamuuliza kitu. Shangazi yako ameapa kumkabili Baba Shani, nawe unamjua akiapa. Tunangoja. Kungoja ndiko kunakonichosha kuliko hata kupanda ngazi za idara.

Pumzika sasa, mdogo wangu. Ninakuahidi muhula huu, na usinidai zaidi ya huo; ukiisha, Neema nitamwachia kisu kimenolewa na kanga yako mlangoni. Nikifika huko uliko, usinipokee sebuleni.

Barua hii Neema atawasomea wanafunzi wapya siku ya kwanza, kwa hiyo mstari wa mwisho si wako, ni wao.

Leo ukifika nyumbani, pitiliza hadi uani, chukua kisu, kaa karibu na mama yako umsaidie kumenya, na usimuulize kitu.