Besi za Ng'ambo ya Mto

Malaba,
5 Julai 1976

Mwanangu Ekisa,

Salamu zikufikie hapo Tororo, wewe na mkeo. Sisi huku miili ni mizima, moyo ndio mgonjwa, na sababu unaijua. Bashir, yule dereva wa malori ya mpakani, aliniambia alikupata kwenye yadi ya reli Jumatano akakupa habari kwa mdomo, kwamba dada yangu Benedetta, mama yako, ametutoka. Alisema uliketi chini kwenye reli. Ndiyo maana nakuandikia, upate mambo yote kutoka kwangu.

Ni presha iliyomchukua. Tulimpeleka hospitali ya Busia asubuhi, jioni wakatuambia tulete nguo zake. Ijumaa tukamzika hapa nyumbani, kwenye mteremko unaotazama mto. Watu walijaa mpaka mihogo ya jirani ikakanyagwa. Walitoka Angurai, walitoka Marachi, na wale Waislamu wa Busia mjini waliokuwa wakitushonea kanzu za kwaya walifika na mchele wao na sufuria zao.

Sasa nikwambie jambo kabla hujaambiwa vibaya na wengine. Hatukumwimbia. Mtu aliyefundisha watu wa pande zote mbili za mpaka huu kuimba amezikwa kimya. Padre alifika mahali pa wimbo akangoja, akatazama kwaya, kwaya ikatazama viatu. Akasema, "Wimbo, tafadhali." Perez, yule soprano wetu mrefu, ndiye alipata moyo wa kumjibu: "Padre, besi wote wanne wako ng'ambo, na mpaka haupitiki. Mwalimu alituambia sauti nne, ama tunyamaze. Sasa tutaanza aje?"

Padre alikasirika. Shemeji zake walinung'unika kwamba tumemfukia kama mtu asiye na watu. Lakini mwanangu, ule ukimya! Umati ule wote, na hakuna aliyekohoa. Niliona kana kwamba dada bado amesimama mbele yetu, ameinua mkono, na hakuna anayethubutu kupumua kabla hajaushusha.

Niandikie. Usitumie posta, barua zinafunguliwa; mpe Bashir.

Mimi mama yako mdogo,
Roselida


Tororo,
14 Julai 1976

Mama Mdogo mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na nawasalimu wote wa boma. Sisi tunapumua. Mke wangu anakuomba ule. Anajua ukiwa na huzuni husukuma sahani.

Niliposoma kwamba hamkuimba, nilikasirika mpaka nikaikunja barua nikaitupa. Baadaye niliiokota. Nilijiuliza, kama wangeimba sauti tatu, mama angesema nini? Nikamwona kabisa anavyogeuza shingo, anatafuta ni nani hayupo.

Unakumbuka tulipokwenda kuimba Rukala, mwaka ule wa mafuriko? Wale wa sauti ya tena walikwama njiani, maji yamefika kiunoni, na Baba Askofu ameshaketi chini ya turubai anajipepea na kofia. Watu wakamsihi mama aanze hivyo hivyo. Akasema, "Baba Askofu, meza ikikosa mguu mmoja wewe utaweka chakula juu yake?" Askofu akangoja. Wale wa tena wakafika na matope mpaka mapajani, wakaimba wakitiririka maji, na Baba Askofu akalia mbele ya watu wote. Nilikuwa kijana mkubwa, lakini niliogopa siku hiyo. Sikujua mama yangu anaweza kufanya hivyo kwa watu.

Alisikia kila kitu. Treni ikipiga honi anasema, "Hiyo ni noti ya la, lakini imechoka." Ndivyo alivyompata Muzafaru. Alimsikia hapa stesheni akipigia mabehewa kelele, akamwambia, "Wewe ni besi. Njoo mazoezi Jumamosi." Muzafaru akasema, "Mama, mimi ni Mwislamu." Mama akasema, "Sijakuuliza dini, nimekuuliza Jumamosi." Tangu habari ifike, Muzafaru hayapigii mabehewa kelele tena. Anapaka mabehewa grisi tu.

Mama Mdogo, mimi ni mtoto wake wa pekee na sikumtupia hata konzi moja ya udongo. Sikuweza kuja. Wanaume wakivuka sasa wanavuliwa mashati na wanajeshi wa huku na kuulizwa wanampelelezea nani. Jirani yangu alivuka kwenda kumzika shangazi yake, hajaonekana tena. Lakini sababu hizo zote hazinisaidii usiku. Najiona mtu ambaye mama yake bado hajazikwa.

Mwanao,
Ekisa


Malaba,
22 Julai 1976

Mwanangu Ekisa,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mguu wangu umevimba tena lakini natembea. Ukiisoma, itie motoni.

Jumapili, tarehe moja Agosti, baada ya chakula cha mchana, padre atakuja kubariki msalaba wa kaburi. Kwaya itakuwepo. Nimezungumza na Perez na wenzake, wote wamekubali. Kaburi linatazama mto, na ng'ambo yake upande wenu hakuna nyumba, ni mafunjo matupu. Mto wetu huu si mpana. Ukiita mbuzi upande huu, mwenye mbuzi anaitika upande ule.

Tutamwimbia "Tuvushe", ule wimbo alioutunga mwenyewe kwa ajili ya mazishi. Unajua vizuri kwamba unaanza na besi peke yao. Kwa hiyo hakuna atakayetuongoza. Kwanza nani atasimama pale aliposimama yeye? Mimi siwezi. Tutasimama tu tungoje. Mkianza kutoka mafunjoni, tutafuata.

Sikulazimishi. Una mke. Lakini ulisema mama yako hajazikwa, na mimi nimelala na neno hilo mpaka limeniuma mbavu. Waambie wenzako watatu, Muzafaru akiwemo. Msipokuja tutarudi nyumbani bila kuimba, na sidhani kwaya hii itafungua mdomo tena.

Mama yako mdogo,
Roselida


Tororo,
28 Julai 1976

Mama Mdogo,

Salamu. Sina nafasi ya kuandika mengi, Bashir anangoja na injini inanguruma.

Nimewauliza mmoja mmoja. Wote wamekataa, na siwezi kuwalaumu. Wanaume wanne wakionekana pamoja kando ya mto, wanajeshi hawataulizia wimbo. Muzafaru aliniambia, "Boss, mimi niko na watoto. Mama Benedetta angeelewa." Mwingine hata hakunitazama usoni.

Msitutegemee. Padre abariki msalaba, nanyi muende nyumbani kwa amani. Usinikasirikie.

Mwanao,
Ekisa


Malaba,
3 Agosti 1976

Ekisa, mwanangu, mwanangu!

Uko salama? Nijibu hilo kwanza. Mengine yote yasome baadaye.

Barua yako niliipata Ijumaa na sikumwonyesha mtu. Niseme nini? Nilikwenda kaburini na wenzangu nikijua hamtakuja, nimejipanga kubeba aibu yangu. Padre akabariki msalaba. Kwaya ikajipanga kama kawaida: soprano, alto, tena, na pale pa besi tukaacha wazi. Tukatazama mto.

Tulingoja. Jua lilituchoma. Watoto wakaanza kulia, shemeji mmoja akacheka kwa sauti. Padre akanikaribia akasema polepole, "Mama Roselida, inatosha." Nami nikafungua mdomo niwaambie watu waende.

Hapo ndipo mafunjo yakaimba.

Sijui nikuandikieje, Ekisa. Hakukuwa na mtu. Nilitazama kwa macho yangu yote mawili, na sikuona kichwa wala shati. Ilikuwa sauti tupu, inatoka kwenye mafunjo chini kabisa, pole pole, kama vile alivyowafundisha, bila kusukuma. Kwanza ilikuwa moja. Halafu ikaja nyingine, mbali kidogo upande wa juu wa mto, na nyingine upande wa chini, mpaka ng'ambo yote ikawa besi. Bibi mmoja alipiga magoti akasema Benedetta amewaita wafu waje wamwimbie. Madereva wenye malori kwenye foleni ya mpakani walizima injini wakashuka.

Ilipofika zamu yetu niliogopa tumeshachelewa, lakini Perez alikuwa ameshaingia, na sisi tukaingia. Hakuna aliyetuongoza, mwanangu. Mkono wake ndio uliotuongoza, ule ule, na usiniambie nimezeeka. Padre alivua miwani akawa anaifuta tu mpaka mwisho.

Tulipomaliza tulingoja tena kusikia chochote kutoka kwenu. Hakuna kilichosogea. Hata ndege.

Sasa niambie ukweli. Wale walikuwa nyinyi? Mlikuwa wangapi? Mbona uliniambia wamekataa? Bashir akifika bila barua yako nitavuka mimi mwenyewe, na mguu huu.

Mama yako mdogo,
Roselida


Tororo,
10 Agosti 1976

Mama Mdogo mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Niko salama. Kaa chini, upumzishe mguu, usivuke popote.

Sikukudanganya. Wote walikataa, na mimi pia niliwaambia siendi. Nilikuja peke yangu. Sikumuaga hata mke wangu. Nilisema naenda kutafuta kuni. Niliingia mafunjoni mapema asubuhi nikalala kwenye maji, na wanajeshi walipita juu ya ukingo wakivuta sigara, karibu nami kabisa. Niliwaona mnajipanga. Niliiona ile nafasi mliyotuachia. Nilitaka kuanza, nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikaa hivyo nikiona unakaribiwa na padre, nikajua ukisema neno moja mama yangu hatazikwa milele. Nikaanza.

Nilitegemea kuimba mwenyewe mpaka mwisho. Nilipofika mstari wa pili nikamsikia Muzafaru. Sauti ile huwezi kuikosea, yuko upande wa juu wa mto, hatuonani. Kisha wa tatu. Kisha wa nne, karibu na daraja la reli linalolindwa na wanajeshi, pabaya kuliko pote. Mama Mdogo, kila mmoja wetu alikuwa amemdanganya mwenzake ili mwenzake abaki nyumbani salama, kisha akaja peke yake akajificha. Hakuna aliyejua. Nilishtuka nusura nipoteze wimbo, lakini mama hakuturuhusu kupoteza wimbo.

Nilichota udongo wa ukingoni nikaurusha majini, upande wenu. Nimemzika mama yangu.

Kila mtu alitoka kivyake. Jumatatu tukakutana yadini. Muzafaru akaniuliza Jumapili ilikuwaje, nikamwambia nililala tu, akasema hata yeye alilala. Wale wengine wawili vilevile, walilala. Msimamizi wetu alituzunguka mara mbili, akatuuliza ni ugonjwa gani huu, wanaume wanne siku moja wote sauti zimekauka.

Tukamwambia ni vumbi.

Mwanao,
Ekisa