Kibuyu cha Ta Deo na Fainali ya Nne

Jumanne, 12 Agosti

Nimegeuza buni mara tatu tangu asubuhi. Jua kali, zinakauka vizuri. Mama Koku yuko upande wa chini wa kibanja, anang'oa maharage. Goti la kushoto linauma. La kulia leo limeninyamazia.

Redio imeniharibia siku. Nusu saa nzima wanazungumzia fainali ya mpira wa kikapu wanawake, ligi ya mkoa. Bukoba na Muleba tena. Mwaka wa nne mfululizo, timu zilezile. Mtangazaji anauliza kama mashabiki hawajachoka. Mmoja akapiga simu kutoka Kagondo: tumechoka, ligi imekufa, bingwa anajulikana kabla ya filimbi, na yote hayo kisa mtu mmoja. Wa pili akasema huyo mtu mmoja awekewe sheria, acheze nusu ya mchezo tu.

Nusu! Nimefundisha miaka thelathini na minne. Sikuwahi kumwambia mtoto anayepata mia kwa mia ajibu nusu ya maswali ili wenzake wasijisikie vibaya.

Huyo mtu mmoja ni Koku, kitinda mimba wangu. Amezaliwa hapahapa Kaagya, Bukoba. Ameolewa Muleba, ni muuguzi huko, anachezea huko. Fainali tatu, makombe matatu, yote yamekwenda Muleba. Sasa Bukoba nzima imemkasirikia utadhani amewaibia mbuzi.

Nilizima redio. Mama Koku akaniuliza kwa nini nimezima wakati nilikuwa sijamaliza kuigombeza.

Alhamisi, 14 Agosti

Rwamishenye, kufuata miwani. Fundi hajamaliza. Nikaingia kwa kinyozi kungoja, kosa langu.

Wanaume sita, kiti kimoja, na mjadala ni ule ule. Mmoja anasema Koku ni bora kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kukanyaga uwanja mkoa huu. Mwingine anasema si bora, ni mrefu tu. Kana kwamba urefu unatumbukiza mpira wenyewe! Migomba ni mirefu, mbona haifungi? Wa tatu anasema ni msaliti, mtoto wa Bukoba anayewapelekea kombe watu wa Muleba. Kinyozi akasimamisha mashine katikati ya kichwa cha mteja ili achangie. Yeye anasema anachukia fainali hizi na hajakosa hata moja.

Hawakunijua. Nilijibu kwa ukali kwamba mwanamke akiolewa huhama, na mpira anahama nao. Kijana mwenye kichwa nusu akanigeukia: "Mzee, wewe umeshawahi kumwona akicheza?"

Nikachukua kofia yangu, nikatoka.

Sijawahi. Hata mara moja. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Koku alipokuwa kidato cha pili nilikuta raba za mpira chini ya kitanda chake. Shangazi yake alikuwa amemnunulia. Nilizigawa kwa binti wa katekista. Nikamwambia mpira ni wa watu wasio na kazi. Hakulia. Alicheza peku mpaka akamaliza shule, nilisikia baadaye. Tangu hapo hajawahi kunialika, na mimi sikuwahi kuomba.

Lakini kumtetea mbele ya vinyozi naweza. Fedheha tupu.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefanya upumbavu wa mtu mzima.

Baada ya misa ya pili alikuja Ta Deo, jirani yangu wa mpaka mmoja. Ameshika kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kimefungwa jani la mgomba shingoni. Nyuma yake wanaume wawili wenye makoti. Tangu mwezi uliopita Ta Deo ananidokeza kwamba mwanawe anataka kuoa na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa mshenga. Nilijua pombe ya kuniomba itakuja. Nikaona kibuyu, nikaona makoti, nikafurahi. Nani asiyependa kuombwa ushenga? Mama Koku akaleta kahawa ya kutafuna. Ta Deo akajaza kata, akanipa kwa mikono miwili. Nikanywa. Nikasema nimepokea.

Ndipo wakasema neno lao.

Wale wawili ni kamati ya mashabiki wa timu ya Bukoba. Mwenyekiti wao anaitwa Evarist, mtu laini, anaongea huku anatabasamu. Ombi: Jumamosi, siku ya fainali, nimwite Koku nyumbani. Niseme mama yake kaugua. Akae hapa mpaka jioni. "Mwaka huu mmoja tu, Mwalimu, na sisi tuonje."

Niliwafukuza. Nilisema maneno ambayo mtu aliyetoka kupokea komunyo hapaswi kuyasema. Evarist akainuka taratibu, akatikisa kibuyu, akasema, "Lakini umeshakunywa, Mwalimu."

Hapo ndipo aliponipata. Kwetu pombe ya ombi ukishainywa umekubali. Ndiyo maana mwenye akili anauliza neno kwanza, kata baadaye. Kila mtoto wa Kihaya anajua. Mimi nilijua kabla Ta Deo hajaota ndevu. Na Ta Deo alijua nafikiria nini, nilimwona machoni. Alininyima neno makusudi.

Mama Koku ameosha kata mara mbili.

Jumatatu, 18 Agosti

Kijiji kizima kinajua. Nimepita dukani, wameacha kuongea. Fundi baiskeli akaniambia pongezi. Pongezi! Eti nimeisaidia Bukoba. Eti mzee ana uzalendo.

Saa nne simu ya Koku. Habari imeshafika Muleba.

"Baba, ni kweli ulikunywa?"

Nikasema ni kweli, lakini. Hakungoja lakini. Akakata.

Nimepiga mara tano. Hapokei.

Kinachoniuma si kwamba ameamini. Kinachoniuma ni kwamba ana sababu ya kuamini. Mtu aliyegawa raba anashindwaje kugawa na fainali?

Jioni nimekata mikungu mitatu ya embiile, ndizi za pombe, nikaivundika shimoni na majani makavu. Dawa ni moja tu. Kibuyu kirudishwe kimejaa, pombe ya kibanja changu mwenyewe, mbele ya mashahidi, na nitamke kwamba neno silitaki. Ya kununua haifai. Ndizi zinataka siku nne. Nimehesabu, zitawahi kwa shida.

Mama Koku amesema nikirudisha, Ta Deo hatanisalimia tena. Miaka arobaini tumezikana na kuozeshana. Nimemwambia asinisalimie, ushenga amtafute Evarist.

Jumatano, 20 Agosti

Nimekwenda Muleba. Mkwe wangu Projesti, mwalimu kama mimi, kanipokea kwa heshima zote. Kiti, chai, samaki. Kila nikiuliza Koku yuko wapi anaongeza samaki. Mwishowe akasema, akiangalia chini, kwamba Koku yuko zamu na amesema nisimsubiri.

Nikatoka kutafuta usafiri. Pale stendi nako wanajadili! Muleba wana kiburi, afadhali niseme ukweli. Wanasema Bukoba hawana haki naye hata kidogo, Koku ni wao. Mmoja akasema baba yake ni mlevi aliyemuuza kwa kibuyu kimoja. Nikataka kumshika shati. Bukoba wanasema mtoto wetu, Muleba wanasema mke wetu, redio inasema tatizo letu. Hakuna hata mmoja aliyesema ni muuguzi anayesimama wodini kwa saa nane nzima halafu anakwenda kurusha mpira.

Nami nilimsemaje? Mtu asiye na kazi.

Njiani kurudi nilikumbuka sikumwachia hata ujumbe. Samaki wake nilikula.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefunua shimo. Bado za kijani ubavuni. Nimewasha moto kidogo pembeni, nikafunika tena. Mtangazaji leo kauliza ni nani bora zaidi, Koku au timu nzima ya Bukoba. Swali la kipuuzi. Nilisikiliza mpaka mwisho.

Ijumaa, 22 Agosti

Zimeiva. Tumekamua asubuhi, mimi na Mama Koku. Sijaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia miaka kumi. Nimekanyaga ndizi na nyasi kwa goti hili hili bovu, nikishikilia bega la mke wangu, na tumecheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Juisi imekaa kwenye mtumbwi na unga wa mtama, imefunikwa majani. Kesho mchana itakuwa tayari.

Ta Deo alisimama kwenye mpaka, akaona tunakamua. Akaelewa. Akaniambia, "Mwalimu, ni mpira tu." Nikamjibu kama ni mpira tu, kwa nini alikuja na kibuyu?

Akageuka, akarudi migombani kwake. Sifuri.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika upesi.

Nimejaza kibuyu saa sita, kilekile cha Ta Deo, walichoniachia Jumapili. Iliyobaki tumeweka kwenye mtungi. Nilijua kamati yote itakuwa uwanjani, kwa hiyo kibuyu kitarudishwa uwanjani. Nikapanda bodaboda na kibuyu mapajani mpaka Bukoba mjini. Dereva akaniuliza naenda kuposa. Nikamwambia endesha.

Watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Hao ndio waliochoka! Walioapa kwenye redio kwamba hawaji tena! Nimemwona na yule kinyozi, kajipaka rangi usoni.

Timu zilikuwa zinapasha misuli. Evarist amekaa mstari wa mbele na skafu. Nikatembea kukatiza kona ya uwanja, refa akanipigia filimbi, sikusimama. Nikaweka kibuyu miguuni pa Evarist. Nikatumia sauti ya gwaride, ile ya asubuhi shuleni.

"Mliniletea pombe ili nimfiche mwanangu. Nikanywa bila kuuliza. Ujinga ni wangu, hila ni zenu. Kibuyu hiki hapa, kimejaa, watu wote mmeona. Mwanangu anacheza."

Kwanza kicheko, halafu makofi, upande wa Muleba na hata upande wa Bukoba. Evarist hakutabasamu. Ta Deo alikuwa viti viwili nyuma yake, anaangalia viatu.

Koku alikuwa ameshika mpira. Alinitazama. Muda mrefu. Hakucheka, hakupunga mkono. Akageuka, akarusha, ukaingia.

Mchezo sikuuelewa wote. Mama mmoja wa Rwamishenye aliyekaa karibu yangu alinieleza kila filimbi, akachoka nami. Lakini mwanangu nilimwona. Wanamkaba watatu, anapita katikati. Anaruka, anabaki juu kama hana haraka ya kushuka. Anaanguka, anainuka, anamwinua na aliyemwangusha. Huyu ndiye niliyemnyang'anya raba. Nililia mbele za watu na sijali.

Muleba wamefungwa. Kwa pointi mbili. Mpira wa mwisho ulikuwa wa Koku, ulizunguka juu ya chuma, watu wote midomo wazi, ukatoka nje.

Bukoba wakavamia uwanja. Na sasa sikiliza unafiki. Evarist huyohuyo anapiga kelele, machozi yanamtoka: "Tumewafunga na Koku yupo! Yupo!" Watu wanarudia. Eti kombe lina utamu kwa sababu yupo. Eti asingekuwepo lingekuwa kombe la bati. Wiki nzima mlitaka kumficha jikoni kwangu! Nilitaka kwenda kumwambia hivyo. Yule mama akanishika koti, akasema mzee kaa, umeshasema ya leo.

Wachezaji wa Muleba walipanda gari lao na kuondoka. Sikumfikia.

Jumapili, 24 Agosti

Misa ya kwanza. Ta Deo alikaa benchi la mbele yetu. Wakati wa kupeana amani aligeuka upande mwingine. Imeniuma kuliko nilivyodhani.

Saa tano bodaboda ikasimama nje. Koku, peke yake. Goti lake limevimba kama langu, la kushoto vilevile. Akamsalimia mama yake, akanisalimia. Akakaa.

Hakuna aliyetaja mchezo. Mama Koku akaenda kuangalia chungu, ambacho hakikuwa na haja ya kuangaliwa. Nikaenda kwenye mtungi, nikajaza kata, nikampa kwa mikono miwili.

Hakupokea.

"Sema kwanza, Baba," akasema. "Pombe baadaye."

Nikabaki nimesimama na kata. Nikasema habari ya raba. Nilimwambia nilikosa, na nilijua nimekosa siku ileile, na nikanyamaza miaka yote hii kwa sababu mimi ni mwalimu na mwalimu hakosei. Halafu nikasema ombi. Mwakani, na kila mechi kabla ya hapo, niruhusiwe kuja. Nitakaa mahali asiponiona kama anataka.

Alifikiri. Kwa kweli alifikiri, sikuwa na hakika hata kidogo.

Akapokea kata kwa mikono miwili, akanywa yote.

Kisha akasema imekaa vizuri, mtama ungeongezwa kidogo. Tukatoka nje kugeuza buni.