Kitasa cha Mlango wa Mama

Jumanne, baada ya Isha

Bado najilaumu. Kitasa kile kisicho na ufunguo, kinachofunguka kwa simu tu hata kutoka ndani, nilimwekea mama mimi mwenyewe nikidhani namlinda. Leo mtandao ulikatika Kikwajuni nzima, akafungika ndani peke yake. Kama jiko lingeshika moto...

"Usiogope, mama," nilimwambia dirishani.

"Mie siogopi. Wewe ndo unatetemeka." Akapenyeza mkono kwenye nondo, akanishika vidole.

Tulikaa hivyo mpaka fundi akaja kuvunja mlango. Tukisubiri, mama akanisimulia siku aliyonizaa, jambo ambalo sijawahi kumuuliza.

Kesho nnamnunulia kitasa cha ufunguo. Leo nalala kwake. Mlango tumeuegemezea kabati, na mama keshasinzia, mkono wake begani kwangu.