Mikwaruzo ya Gari ya Papa

Mujukuu wangu Gédéon,

Salamu toka Kalemie. Dada yako amejifungua, yeye na mutoto ni wazima. Lakini mimi, koko yako, nina hasira! Unaniuliza kwa nini nilifoka nilipoona picha ya gari ya marehemu papa yangu, vile umeitengeneza huko kwako Lubumbashi.

Nilipokuwa musichana, niliisugua ile chuma yake ya mbele na muchanga wa ziwa, kama tunavyosugua sufuria. Ikajaa mikwaruzo. Nikangoja fimbo. Papa akatupeleka misa na gari ileile, akamwonyesha kila muntu: "Binti yangu njo ameiosha!" Mupaka anakufa, alikataa fundi aiguse.

Na wewe umeifuta mikwaruzo yangu bila kuuliza. Sasa inang'aa kama gari ya muntu yeyote.