Shangazi Kwenye Kaya ya Matajiri

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza ya kugonga milango kuuliza mapato ya kaya. Msimamizi katuambia asubuhi: uchumi umekua, sasa wakubwa wanataka kujua umemfikia nani. Swali zuri. Nimejaza fomu kumi na moja. Fundi viatu kanijibu, kama umekua kweli, basi umekulia kwa jirani.

Jumanne, 5 Machi
Nyumba ya ukuta mrefu, anakofanya kazi shangazi yangu. Mlinzi kasema wenyewe hawana muda. Nimerudi mchana — hawana muda. Utaratibu wetu: wakikataa mara tatu, chukua nyumba inayofuata. Kumbe ndivyo matajiri wanavyopotea kwenye ripoti. Wanafunga geti tu! Nimeudhika, na miguu inawaka moto.

Alhamisi, 7 Machi
Leo, mara ya tatu, geti limefunguliwa. Mama mwenye nyumba kajibu kasimama, simu mkononi. Nikauliza: akina nani wanalala hapa na kula chungu kimoja? Kataja mumewe, watoto wawili, na dada wa kazi. Yaani shangazi. Miaka tisa analala chumba cha nyuma, kwa hiyo kwa kanuni zetu ni mtu wa kaya ile. Mapato yote yakagawanywa kwa watano. Kwenye karatasi, shangazi yangu ni tajiri. Nimecheka peke yangu barabarani, halafu hasira zikanipanda.

Ijumaa, 8 Machi
Shangazi kapiga simu. Kasikia kadi za matibabu ya bure zitatolewa kwa kaya maskini, kwa kufuata fomu zetu. Goti lake linatakiwa kupasuliwa. "Mwanangu, umeniandika?" Nikasema nimekuandika. Sikusema wapi. Nimemwomba Msimamizi nimwandikie shangazi kaya yake mwenyewe. Kakataa — nikivunja kanuni, mkataba wangu ndio basi. Tena kafurahi: mtaa wetu pengo la mapato limepungua. Limepungua! Kwa mgongo wa shangazi!

Jumamosi, 9 Machi
Fomu zinachukuliwa saa sita. Ile ya nyumba ya ukuta mrefu nimeitoa kwenye bahasha, nimeiweka mezani na fomu tupu pembeni. Mara shangazi huyu hapa, kapanda ngazi anachechemea. Kaiona kabla sijaificha. Kasoma taratibu: baba, mama, watoto wawili, yeye. Nikangoja anilaumu. Katabasamu, kafuta jicho. Kasema miaka yote tisa, leo ndiyo mara ya kwanza wamemtaja kama mtu wa nyumbani kwao. Kaniomba nisiikunje.

Sasa yuko jikoni, anabandika chai. Gari la Msimamizi linapiga honi huko chini. Fomu tupu bado iko mezani, sijaandika hata neno.