Jina la Hermesi kwenye Gari la Mikate

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu za nyumba nzima zikufikie huko Liège. Bibi yako goti linamsumbua, lakini sokoni bado anakwenda mwenyewe. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, alhamdulillah.

Unasema mwalimu wako hakuamini kwamba babu yako anajua kuandika majina ya miungu ya Wagiriki kwa Kigiriki. Mwambie najua mmoja tu, na namjua sawasawa: ΕΡΜΗΣ, yaani Hermesi.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nilikuwa fundi wa mabango hapa mtaani Buyenzi. Mgiriki mmoja mwenye tanuri la mikate alitaka gari lake liandikwe jina lisilo la upande wowote. Nilisita. Mimi Muislamu, niandike jina la mungu wa watu? Akacheka.

"Fundi, mi naenda kanisani. Uyu ni wa hadisi tu. Ni mujumbe, anapita fasi yote, kila pahali."

Akanichorea herufi kwenye mfuko wa unga, nami nikazipaka kwa rangi nyekundu.

Gari lilikuwa likipeleka mikate Ngagara, kisha Kamenge, mitaa miwili ambayo siku zile haikusemezana. Siku nyingine nilipanda pamoja na dereva. Kwenye kila bariyeri, kizuizi cha barabarani, vijana waliuliza ile ni lugha ya nani. Dereva akajibu ni ya watu wa zamani. Wakatupisha.

Baada ya miezi nikaona jina lile ukutani Ngagara, limeandikwa kwa makaa. Nikamuuliza mtoto aliyeliandika maana yake.

"Mukate," akasema.

Kamenge nako nililikuta ukutani, nikauliza, nikajibiwa vilevile.

Babu yako wa Buyenzi