Gunia Kwenye Dohani

Matambarale,
Jumapili, tarehe 8 Juni.

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Leo nitakuambia yote, pamoja na lile ambalo kila ukipiga simu hunifika kooni nikalimeza. Simuni huwa unaharakisha, "Haya mwanangu, soma," na salio linakwisha. Karatasi haina haraka.

Mwalimu wetu wa Kiswahili kule Nachingwea ninakosoma alitufundisha kuanza na hali. Mimi ni mzima, nimefunga shule mwisho wa Mei, nimekuwa wa nne. Mama ni mzima ila amekonda. Bibi anauliza kila asubuhi, kwa Kimwera, kama lori la Mtwara limerudi na wewe umo. Ufuta tumeukata na kuusimamisha wenyewe, lakini mafungu yetu yamepinda na upepo umeangusha matatu. Wewe ndiye uliyekuwa unajua kuyasimamisha.

Alhamisi kamati ya kijiji ilituita mimi na Mama twende mlimani kufagia ile Nyumba ya kupangisha uliyokuwa ukiitunza. Kuna mpangaji mpya anaitaka kwa mwaka mzima. Tangu uondoke nilikuwa sijapanda tena. Njia imeota upupu. Nyumba bado imesimama pale msituni, mawe hadi kiunoni na mbao nyeusi juu, vilevile kama alivyoiacha yule bwana misitu wa enzi za Mwingereza, ila bati limeshika kutu na mlango unalia.

Kabla sijafungua nilibisha hodi. Unakumbuka? Ulikuwa na ufunguo shingoni, na kila tulipofika ulibisha mara tatu kwenye nyumba isiyo na mtu. Nikakuuliza, "Baba, unambishia nani?" Ukasema, "Nyoka. Naye ana heshima zake, mpe nafasi aondoke." Nilicheka mpaka nikaangusha ndoo. Alhamisi sikucheka. Nilibisha, nikasubiri, na ndani kulikuwa kimya.

Nakumbuka pia msimu wa korosho, tulipokaa barazani kushona midomo ya magunia, wewe na sindano yako, mimi na yangu. Kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, mishono yangu ililala upande wake peke yake. Ulilinyanyua gunia langu ukawaonyesha majirani: "Mtazameni Mashoto wangu! Gunia hili limeshonwa na watu wawili waliogombana." Kisha ukaninong'oneza, "Usijali. Hata likipotea ghalani katikati ya elfu, nitalijua."

Baba, gunia lile la kwenye dohani nililiweka mimi.

Ilikuwa wiki ile mwaka jana ya kumpokea yule mwalimu wa chuo kutoka Dar es Salaam, aliyekodi Nyumba mwezi mzima ili achore mimea. Ulikuwa shambani unapulizia mikorosho dawa ya salfa. Ulinituma nikatandike kitanda, nikakuta popo wamechafua shuka zote. Nikawaona wanaingilia lile tundu la juu ya bati. Nilitaka usifu usafi wangu. Nikajaza gunia nyasi kavu, nikashona mdomo, nikapanda kwa ngazi yako ya mianzi, nikalisindilia tunduni mpaka mwanga ukakatika.

Sikujua ni njia ya moshi. Kwetu jikoni moshi hujitafutia njia wenyewe kwenye nyasi za paa. Lile pango la mawe pale sebuleni sisi tulilitumia kuwekea madumu ya maji, na wageni wote wa nyuma walikuja wakati wa joto. Yeye alikuja Julai. Baridi ilipombana jioni aliyasogeza madumu akawasha kuni, akajifungia ili joto lisitoke.

Mengine unayajua, kwa sababu wewe ndiye uliyevunja dirisha ukamtoa umembeba mgongoni. Alipona, alhamdulillahi, lakini alirudi kwao akikohoa. Asubuhi ulipanda peke yako kulitoa gunia. Mwenyekiti na kamati walipofika lilikuwa tayari chini, limeungua kitako. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya akina mama. Mwenyekiti akauliza, "Nani kaziba?" Ukasema, "Nyumba ilikuwa mikononi mwangu." Akasema, "Nimeuliza nani kaziba." Ukarudia maneno yaleyale, ukavua ufunguo shingoni ukampa. Nilifungua mdomo, Baba. Haki ya Mungu niliufungua. Hakuna kilichotoka.

Ndipo ukaenda Mtwara kubeba magunia ya watu wengine.

Alhamisi nilipokuwa natoa kuni stoo nililikuta gunia lile chini kabisa. Kitako ni kilekile, cheusi. Mdomo uko wazi. Matundu ya sindano bado yanaonekana, yamelala upande wangu, lakini uzi haupo hata kipande. Nililipeleka mlangoni kwenye mwanga nikalitazama sana. Magunia mengine mle yametafunwa na panya, kwa hiyo sina uhakika.

Tukiwa njiani kushuka nikamwambia Mama. Aliweka fagio chini, akakaa juu ya jiwe. "Mwaka mzima, Zuhura?" Nikasema ndiyo. Akaokota fagio lake, kisha akasema, "Mwandikie baba yako. Mimi sina la kumwambia kwa niaba yako."

Ijumaa hii baada ya swala kamati inakaa kuchagua mtunzaji wa Nyumba. Mpangaji anataka mtu anayeijua vizuri, na Mwenyekiti ameshasema, "Yeyote, ila si yule." Mimi nitakwenda nisimame mbele yao niseme yaliyotokea. Naogopa, lakini nimeshajifunza nitakachosema, na safari hii sitasimama nyuma ya mtu. Wakikurudishia ufunguo, Mashaallah. Wakikataa, angalau Bibi ataacha kusikia watu kisimani wakisema mwanawe ni mzembe.

Barua hii anakuja nayo Mjomba Issa kwenye lori la ufuta. Anageuza kurudi huku Alhamisi, nami nitamngoja barabarani kabla kamati haijakaa. Jifunike pua, vumbi la ghalani si zuri. Ukiwa na hasira nami iandike vilevile ilivyo, nitaisoma yote.

Ila jambo moja nataka kulijua kabla sijasimama mbele ya watu: uzi ule uliliwa na panya, au ni wewe uliyeufumua asubuhi ile ulipoujua mkono wangu?

Mwanao,
Mashoto